Dodoso, mahudhurio au programu inayochungulia: kipi kitamwona mapema mwanafunzi anayezama?

Ijumaa moja jioni nilituma kiungo cha dodoso kwa darasa zima. Maswali tisa, dakika tatu, majibu yanaingia yenyewe kwenye jedwali. Nikafunga kompyuta nikaenda zangu nyumbani, najiona mjanja. Jumatatu nilipofungua jedwali, mstari wa kumi na saba ulikuwa umejazwa Ijumaa ileile saa tano na dakika kumi na mbili usiku. Kwenye swali la tisa, lile linalouliza kuhusu mawazo ya kuona afadhali kufa au kujidhuru, aliyejaza alichagua "karibu kila siku". Nilimkuta darasani, amekaa mahali pake karibu na dirisha, anachonga penseli. Yeye alikwisha sema tangu Ijumaa. Aliyekuwa hajasikia ni mimi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza zana ipi ya kidijitali inagundua vizuri matatizo ya afya ya akili kwa wanafunzi, namrudishia swali: ikishagundua, nani anapokea habari, na baada ya saa ngapi? Zana zote nitakazozilinganisha hapa zinaweza kunusa kitu. Zinapishana kwenye kile kinachofuata baada ya kunusa.

Haja ya kuwahi ipo, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Utafiti wa Ronald Kessler na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2005, ulikuta kwamba nusu ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huanza kabla au kufikia umri wa miaka 14, na robo tatu kufikia miaka 24. Miaka hiyo yote mtu huyo yuko mbele ya mwalimu.

Madodoso manne kwenye meza moja

Wengi huanzia kwenye dodoso, na mimi nawaunga mkono. Ila "dodoso" si kitu kimoja.

PHQ-9 na GAD-7 ni ndugu. La kwanza linaangalia dalili za sonona (depression), la pili wasiwasi. Yote mawili yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. PHQ-9 inafika jumla ya 27, GAD-7 inaishia 21. Kwenye PHQ-9, alama 5, 10, 15 na 20 ndizo ngazi zinazotenganisha dalili nyepesi, za wastani, za wastani zinazoelekea kuwa kali, na kali. Hayalipiwi, hayaombewi kibali, na yamekwisha tafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Lipo pia toleo lililorekebishwa kwa ajili ya vijana, PHQ-A, na kwa shule za sekondari hilo ndilo la kutafuta.

SDQ ni la Robert Goodman, la mwaka 1997, lina maswali 25. Nguvu yake ni kwamba lina macho matatu: lipo la mzazi, la mwalimu, na la mwanafunzi mwenyewe kuanzia miaka 11. Linaangalia hisia, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, pamoja na wema kwa wengine. Niliwahi kuweka karatasi tatu za mtoto mmoja sambamba. Mwalimu alimwona hana shida, mzazi alimwona hana shida, yeye mwenyewe alijaza "kweli kabisa" karibu kila palipotajwa hofu. Mtoto mkimya husifiwa na kila mtu mpaka siku anapoulizwa yeye. Kikwazo cha SDQ ni leseni: karatasi ni bure kwa asiyefanya nalo biashara, lakini ukitaka kuliingiza kwenye fomu ya simu au kompyuta, wenye haki wanataka uombe leseni. Nimeona shule zikilinakili tu kwenye fomu ya mtandaoni na kuendelea. Usifanye hivyo.

Halafu WHO-5, fupi kuliko yote. Sentensi tano, zote zikiuliza upande wa mwanga: umejisikia mchangamfu, mtulivu, mwenye nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia. Unajumlisha alama 0 hadi 25, unazidisha kwa nne, unapata kipimo cha 0 hadi 100. Akiwa chini ya 50, inafaa kumwangalia kwa karibu zaidi.

Ukinilazimisha kuchagua moja la kuwapa wanafunzi wote kwa mpigo, nachagua WHO-5, na sababu yangu si ufupi wake. Halina swali la kujiua. Watu hushangaa nikisema hivyo, wakidhani nalikwepa suala lenyewe. Kumuuliza kijana moja kwa moja kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo, tafiti zimelichunguza hilo mara nyingi. Shida ni kuliuliza kwenye fomu inayojazwa saa tano usiku na kusomwa Jumatatu. Swali la tisa la PHQ-9 ni ahadi. Ukiliuliza, umemwambia mtoto kwamba kuna mtu amekaa upande wa pili anasubiri jibu. Kama hayupo, liondoe, au mpe dodoso hilo mwanafunzi akiwa nawe chumbani, simu mkononi mwake na wewe kiti cha pili.

Hesabu ambayo wauzaji hawaipigi

Watunzi wa PHQ-9, Kroenke, Spitzer na Williams, waliripoti mwaka 2001 kwamba kwa mpaka wa alama 10 dodoso lao lilinasa asilimia 88 ya waliokuwa na sonona kubwa, na kuwaacha huru asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Hao walikuwa watu wazima waliofika kliniki, lakini tuchukue namba hizo kama zilivyo tuzipeleke shuleni.

Shule ina wanafunzi 400. Tuseme 40 kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawanasa 35, watano watapita katikati ya vidole. Wanabaki 360 wasio na sonona, na asilimia 12 yao, yaani 43, watapigiwa kengele bure. Kwa hiyo asubuhi unaamka na orodha ya majina 78, na chini ya nusu ndio uliokuwa unawatafuta. Ukimpa kila mmoja dakika 20 za mazungumzo, hizo ni saa 26. Mshauri nasaha mmoja, anayefundisha pia vipindi vyake, atamaliza orodha hiyo baada ya wiki ngapi?

Na hapa tunazungumzia zana nzuri, iliyopimwa na kupimwa tena. Mtu akija na programu yake ya akili bandia akakwambia ina usahihi wa asilimia tisini na kitu, mpe namba ya wanafunzi wako akupigie hesabu hiihii mbele yako. Mara nyingi mazungumzo hubadilika hapo.

Kwa jinsi nilivyoona mambo yakienda, suluhisho ni kugawa. Darasa moja kwa wiki, si shule nzima kwa siku moja. Tuma Jumanne saa tatu asubuhi, watu wote wakiwa kazini, si Ijumaa na si wiki ya mitihani, maana wiki ya mitihani kila mtu ana wasiwasi na hakuna anayelala. Na kwa anayeonyesha dalili za hatari, kuna hatua ya pili fupi, ASQ ya taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani, NIMH. Ina maswali manne ya ndiyo au hapana na inatumika kuanzia umri wa miaka 8. Akijibu "ndiyo" hata kwa moja, unauliza la tano: je, mawazo hayo unayo sasa hivi? Hilo linaulizwa uso kwa uso, na unayemuuliza haachwi peke yake.

Google Forms au KoboToolbox?

Hili ni dogo lakini linaulizwa sana. Google Forms ni rahisi, kila mwalimu anaijua, na inaweza kukutumia barua pepe kila jibu linapoingia. Hatari yake iko kwenye jedwali: yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaona kila kitu, na ruhusa hizo hupeanwa kiholela. Ukaguzi wa nani ana ruhusa ufanywe kabla ya kutuma, si baada.

KoboToolbox, zana ya kukusanya majibu kwa simu au kishikwambi, inafanya kazi bila mtandao, inahifadhi majibu kwenye simu au kishikwambi mpaka intaneti ipatikane, na unaweza kuipanga ijumlishe alama yenyewe. Kwa utafiti ni tamu sana. Ila kwa swali la tisa, huko kuhifadhi bila mtandao ndiko kunakotisha, maana jibu linaweza kulala ndani ya kishikwambi kabatini siku nzima na nusu. Kama mtandao ni wa kubahatisha, aliyeshika kishikwambi ayaangalie majibu kabla ya mwanafunzi kutoka mlangoni.

Na jina? Bila jina unapata picha ya shule, humpati mtoto. Kwa jina unampata mtoto, lakini nusu ya majibu yatakuwa ya adabu. Wengine hutumia namba na kumwachia mtu mmoja tu orodha ya namba na majina, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Lakini chagueni moja muwaambie wanafunzi ukweli. Kuandika "hakuna atakayejua ni wewe" halafu kumwita ofisini kesho yake ni kuua dodoso hilo na yote yatakayofuata.

Daftari la mahudhurio, likiwa na akili kidogo

Upande mwingine wa meza kuna zana ambayo hakuna anayeipigia debe kwa sababu shule tayari inayo. Mahudhurio, kazi zilizokabidhiwa, alama, na safari za kwenda chumba cha wagonjwa. Vyuo vyenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, au mfumo kama huo vina ziada: mara ya mwisho mwanafunzi kuingia, na saa aliyokabidhi kazi.

Tofauti kubwa na dodoso ni kwamba hapa mwanafunzi hahitaji kukubali kusema. Anayedanganya kwenye dodoso, au anayeona aibu, au asiyejua kwamba alilonalo lina jina, anaweza kuonekana hapa. Msichana aliyekuwa hachelewi, sasa Jumatatu tatu mfululizo hayupo. Kijana aliyekuwa anakabidhi kazi jioni, sasa anakabidhi saa tisa usiku. Mtoto anayeumwa tumbo kila siku ya somo fulani na muuguzi hakuti kitu. Mwili husema kabla ya mdomo, na kwa watoto wadogo hasa, maumivu ya kichwa na tumbo ndiyo lugha yenyewe.

Cha kuzingatia ni kwamba usiweke mpaka mmoja kwa wote. Programu nyingi za "tahadhari ya mapema" hupiga kengele mwanafunzi akikosa idadi fulani ya siku. Hiyo inawakamata watoro wa siku zote ambao kila mtu anawajua. Kinachofaa ni kumlinganisha mwanafunzi na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Jedwali la kawaida linatosha: safu ya wiki hizi nne, safu ya wiki nne zilizotangulia, na safu ya tofauti. Panga kwa tofauti. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, majina matatu ya juu yalikuwa ya wanafunzi ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuwataja kwenye kikao.

Udhaifu wake ni wa pande mbili. Kwanza, mtoro anaweza kuwa anauguza mzazi, au hana nauli, au ana malaria. Takwimu zinakwambia kamuulize, hazikwambii ana nini. Pili, na hili ndilo linaloniuma, zinamkosa kabisa mwanafunzi bora. Yupo anayepata alama za juu kila muhula, hakosi hata siku, na usiku anajikata mapaja kwa wembe. Huyo daftari litampa nyota.

Kwa hiyo dodoso na mahudhurio havishindani. Kila kimoja kinamwona anayekosekana kwenye kingine, na kama bajeti yako ni sifuri, viwili hivi pamoja vinashinda programu yoyote ya kulipia niliyowahi kuonyeshwa.

Kitufe kimoja kwenye fomu ya kila wiki

Kuna shule zinazotumia fomu ndogo ya kila wiki: chagua uso unaofanana na hali yako leo. Uzuri wake ni kwamba unaona mwelekeo, si picha moja. Ubaya wake ni uchovu. Kufikia wiki ya nne au ya tano kila mtu anabonyeza uso unaotabasamu ili aendelee na mambo yake, na data yako inageuka mapambo.

Hata hivyo ningeiweka, kwa sababu moja tu: chini ya nyuso hizo weka kitufe kinachosema "Nataka kuzungumza na mtu", na chini yake "leo" au "wiki hii". Basi. Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nilivyovitaja hapa, na hakina algorithimu yoyote ndani yake.

Mwanafunzi mmoja alikuwa na alama 72 kwenye WHO-5. Kwa kipimo chochote alikuwa sawa. Wiki mbili baadaye alibonyeza kitufe hicho, "leo". Nilimkuta nje ya ofisi kabla sijafika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani. Nimeona umeniita."

"Lile la kwanza sikujaza ukweli, Mwalimu. Nilidhani litaonyeshwa kwenye projekta."

Nilikuwa nimewaonyesha kwenye projekta jinsi ya kujaza. Wao wakaelewa kwamba na majibu yatapita hapohapo. Maelezo ya dakika moja niliyoyaruka yalinigharimu dodoso zima.

Programu zinazochungulia

Sasa tuje kwenye zana zinazouzwa kwa kelele. Marekani, kampuni kama Gaggle, GoGuardian na Bark huzipatia shule mifumo inayosoma wanachoandika wanafunzi kwenye akaunti na vifaa vya shule: barua pepe, insha, utafutaji wa mtandaoni. Mfumo ukiona maneno ya hatari unapiga kengele shuleni, na kuna mahali kengele hiyo huishia kwa polisi. Mwaka 2022 maseneta Elizabeth Warren na Edward Markey walitoa ripoti yao juu ya mifumo hii, wakilalamikia faragha, wazazi kutoelezwa vya kutosha, na uwezekano wa wanafunzi wa makundi fulani kuandamwa kuliko wengine.

Sifa yake dhidi ya dodoso ni kasi. Mwanafunzi akiandika ujumbe wa kuaga saa nane usiku, dodoso la wiki ijayo halitamsaidia. Mfumo huu huenda ukamsaidia, ikiwa kuna mtu macho wa kupokea kengele. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaoitetea, na siidharau.

Lakini jaribu kuupa Kiswahili. Vijana huandika "hesabu imeniua leo", "nitakufa kwa kicheko", "mwalimu ameniua na ile alama", "nimekufa nimeoza kwa huyu dada". Kila sentensi ina kifo na hakuna anayekufa. Aliye hatarini kweli huandika maneno yasiyo na damu: "nimechoka", "mtanikumbuka", "msinitafute", "heri nisingezaliwa", au anaomba msamaha kwa watu wengi siku moja bila sababu. Neno "mawazo" peke yake ni mtego. Kwenye kamusi ni fikra, mdomoni mwa watu "ana mawazo" ni mtu aliyelemewa, na "kuwaza sana" ni namna ambavyo wengi hueleza kile ambacho daktari angekiita sonona. Orodha ya maneno ya hatari iliyotungwa kwa Kiingereza ikatafsiriwa neno kwa neno itapiga kengele kwenye utani na kulala kwenye msiba. Na mitaani wanafunzi wana maneno yao mapya kila baada ya miezi michache.

(Jambo hilihili linagusa madodoso pia. Kabla ya kutumia tafsiri yoyote, wasomee wanafunzi watano kwa sauti uwaulize wameelewa nini. Swali la "kukosa hamu ya kufanya mambo" niliwahi kujibiwa kwa habari za chakula.)

Kuna jambo la pili, zito kuliko lugha. Oktoba 2014 shirika la Samaritans la Uingereza, linalojulikana kwa simu ya kuwasikiliza wenye mawazo ya kujiua, lilizindua Samaritans Radar, programu iliyokuwa inasoma jumbe za Twitter za watu unaowafuata na kukutumia taarifa zikionekana za huzuni. Nia ilikuwa njema kabisa. Watu wakauliza: na anayesomwa amekubali? Na kama anayepokea taarifa ndiye anayemnyanyasa? Haikumaliza wiki mbili, ikasimamishwa.

Shuleni inakuwa hivihivi. Mwanafunzi akijua insha zake zinasomwa na mashine inayomripoti, haachi kuhuzunika. Anahamia kwenye simu ya rafiki yake. Umenunua masikio, ukapoteza mdomo. Mimi siichagui, na kama shule yako imekwisha iweka, angalau iwe hadharani, wazazi wawe wameridhia, na kengele iende kwa mshauri, isiende kwa mwalimu wa nidhamu.

Simu, saa na roboti za kuchati

Hizi nitazipita haraka, kwa sababu kwa shule nyingi bado si chaguo.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi 48 kwa wiki 10 kupitia simu zao: usingizi, mwendo, muda wa mazungumzo. Utafiti huo, StudentLife, ulionyesha kwamba mienendo hiyo inakwenda pamoja na dalili za sonona na hata na alama za masomo. Ni kazi nzuri na imezaa nyingine nyingi. Lakini wale walikuwa wamejitolea, wana simu ya kila mmoja, na kuna timu nzima nyuma yao. Shule ambayo simu hazishikwi mchana, au simu moja inatumiwa na ndugu watatu, itapima usingizi wa nani?

Roboti za kuchati ni habari nyingine, kwa sababu zenyewe hazigundui, zinasikiliza. Woebot ilijaribiwa mwaka 2017 kwa vijana 70 kwa wiki mbili na dalili za sonona zikapungua zaidi kuliko kwa waliopewa kitabu cha kusoma. Programu hiyo ilifungwa tarehe 30 Juni 2025. Tessa, ya chama kimoja cha Marekani kinachoshughulikia matatizo ya ulaji, iliondolewa mwaka 2023 baada ya kuonekana inawapa ushauri wa kupunguza uzito watu waliokuja kwa sababu ya matatizo hayohayo. Ukimkabidhi mwanafunzi kwa roboti, uwe na jibu la siku itakapokosea na siku itakapofungwa. Wanafunzi wako tayari wanazungumza na akili bandia za kawaida usiku, hilo huwezi kulizuia. Unachoweza ni kuwaambia wazi kwamba haziwezi kumwita mtu aje.

Nani achukue nini

Shule isiyo na mshauri nasaha hata mmoja isianze na PHQ-9. Ianze na jedwali la mahudhurio na walimu wa darasa, na kabla ya hapo iwe na namba ya simu ya kituo cha afya kinachopokea rufaa, iliyopigwa na kujibiwa. Namba ya kwenye bango haihesabiki mpaka uipige.

Yenye mshauri mmoja kwa mamia ya wanafunzi: mahudhurio, kitufe cha kila wiki, na WHO-5 darasa kwa darasa. PHQ-A ibaki ofisini kwake, kwa wale waliokwisha kaa naye.

Chuo chenye kliniki na watu wa zamu usiku kinaweza kuruhusu PHQ-9 na GAD-7 mtandaoni, mradi jibu la swali la tisa likiingia liite simu ya mtu, si sanduku la barua pepe. Chuo pia kinaweza kutumia kumbukumbu za Moodle, kwa ridhaa. Taarifa za afya, kwenye sheria za nchi nyingi, ni taarifa nyeti zenye ulinzi wa ziada. Kwa hiyo andika mapema nani anaona, mpaka lini, na tarehe ya kufuta. Alama ya sonona ya mtoto wa miaka 14 haina kazi yoyote kwenye faili lake akiwa na miaka 20.

Na mlio tayari kuanza wiki ijayo, wajazisheni walimu kwanza. Dodoso lilelile, kiungo kilekile, kwa majina yao. Sisi tulifanya hivyo kwenye kikao cha Jumatano. Walimu ishirini na kitu wakashika simu, chumba kikawa kimya, hakuna aliyebonyeza. Kisha mwenzetu mmoja, wa siku nyingi kazini, akainua kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani mwalimu mwenzangu, hii mkuu ataiona?"